Kujipima Virusi vya Ukimwi Mwenyewe: Dakika Ishirini za Faragha

Ndugu msomaji, nyumba nyingi vijijini zina mtu wao Kariakoo. Kama si kijana anayebeba mizigo sokoni, ni shemeji anayeuza nguo Mtaa wa Kongo. Kama si shemeji, ni dada anayewapikia makuli wali na maharage. Au ni wewe mwenyewe. Unapeleka nazi au ndizi, unakaa mjini wiki mbili tatu, kisha unarudi na mabati, sabuni na vitenge.

Mwezi huu tunazungumza juu ya kitu kidogo ambacho siku hizi kinasafiri njia hiyo hiyo. Ni kipimo cha virusi vya ukimwi ambacho mtu hujipima mwenyewe. Kinaingia katika mfuko wa shati. Hakihitaji mganga kusimama karibu. Watu wengi wamekisikia, lakini waliokishika ni wachache. Na wale waliokishika wana maswali mengi ambayo maandishi madogo ya kwenye pakiti hayayajibu yote.

Tunaanzia Kariakoo kwa sababu huko ndiko shida ya kupima inakoonekana wazi. Jina la Kariakoo lenyewe ni jina la wabeba mizigo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walichukua vijana wengi sana wa Afrika Mashariki kuwabebea chakula na risasi. Jeshi hilo la wachukuzi lilikuwa na jina la Kiingereza, na midomo ya watu wetu ililigeuza ikawa "Kariakoo". Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wachukuzi walipigishwa kambi hapo. Wengi wa wachukuzi waliokufa katika vita vile hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa.

Leo mchukuzi wa Kariakoo hupokea mzigo alfajiri, kabla jua halijatoka. Akikosa saa za asubuhi, amekosa pesa ya siku. Hana mshahara wa mwezi wala likizo. Sasa mwambie mtu huyo aende akapange foleni zahanati ili apimwe virusi. Atakuambia, "Nitakwenda kesho." Kesho nayo ina marobota yake.

Tena kuna aibu. Sokoni watu wanajuana. Mama lishe anamjua kuli, kuli anamjua winga, winga anamjua mwenye duka. Ukionekana umekaa kwenye benchi la watu wanaosubiri kupimwa, unaogopa kwamba kabla ya adhuhuri habari zako zitakuwa zimefika mtaa wa pili. Basi watu wanaahirisha. Miaka inapita. Mwili unakonda, kikohozi hakikomi, ndipo mtu anabebwa kupelekwa hospitali, au anapandishwa basi arudi kijijini kwa mama yake.

Tumetoka mbali

Vijana wa leo hawajui jinsi ugonjwa huu ulivyoanza kwetu. Madaktari wa Marekani waliutambua mwaka 1981. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walionekana mkoani Kagera. Watu wa huko waliuita "Juliana", jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Angalia, hata jina la kwanza la ugonjwa lilikuwa jina la bidhaa. Ugonjwa ulifuata njia za biashara, na njia za biashara za nchi yetu zinafika Kariakoo.

Wakati ule hapakuwa na kipimo cha ukimwi popote duniani. Kipimo cha kwanza cha damu kiliruhusiwa Marekani mwaka 1985, nacho kilikuwa kazi ya maabara kubwa. Na hata mtu akijua, hapakuwa na dawa ya kumpa. Ndiyo maana wazee wengi walisema, "Kupima kuna faida gani? Nitajua tu kwamba nakufa." Kwa miaka ile maneno yao yalikuwa na maana.

Siku hizi hayana. Tangu mwaka 2004 Serikali yetu imekuwa ikitoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma Kikwete, walipima mbele ya watu katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Ukivuka barabara kutoka viwanja hivyo, umeingia Kariakoo. Siku ile Rais alitaka watu waone kwamba kupima si jambo la kuficha.

Lakini ndugu msomaji, si kila mtu anataka kupima mbele ya watu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote ziwape watu nafasi ya kujipima wenyewe. Kwetu sheria ya ukimwi ya mwaka 2008 ilikuwa haijatoa nafasi hiyo. Kupima ilikuwa kazi ya mtumishi wa afya tu. Novemba 2019 Bunge lilibadili sheria hiyo pale Dodoma. Tangu hapo mwananchi anaweza kujipima. Mabadiliko hayo yaliruhusu pia kijana wa miaka 15 akapimwe bila kuomba ruhusa ya mzazi. Zamani ilikuwa lazima afike miaka 18.

Haja ya jambo hili tunaiona katika hesabu. Nchi yetu ilifanya utafiti mkubwa mwaka 2022 na 2023. Ulionyesha kwamba kati ya kila watu 100 wa miaka 15 na kuendelea, wanne na ushei wana virusi. Sasa chukua watu 100 wenye virusi, uwapange mstari. Karibu 83 walikuwa wanajua hali yao. Watu 17 hawakujua. Tena kati ya kila 100 waliojua, 98 walikuwa wanatumia dawa. Maana yake ni nini? Maana yake anayejua anatibiwa. Tumebaki na wale 17, na miongoni mwao wamo wanaosema "nitakwenda kesho".

Kipimo hakimwoni fisi

Kabla ya kueleza namna ya kujipima, ni lazima ujue kipimo kinatafuta nini. Watu wengi hukosea hapa.

Fisi akipita usiku zizini, asubuhi humwoni fisi. Unaona nyayo. Ukiona nyayo unasema, "Fisi amepita." Kipimo hiki hufanya hivyo hivyo. Hakivioni virusi vyenyewe. Virusi vikiingia mwilini, mwili hutengeneza askari wa kupigana navyo. Askari hao huitwa kingamwili. Kipimo kinawatafuta askari wa aina hiyo tu. Kikiwakuta, kinasema virusi vilikwisha kuingia.

Ukielewa jambo hilo, utaelewa mengine matatu.

La kwanza, kuna kipimo cha damu cha kutoboa kidole na kuna kipimo cha kupangusa ufizi. Mtu akisikia habari za ufizi huuliza, "Kumbe virusi viko mdomoni? Basi tusichangie kikombe?" La hasha. Kipimo kinachukua majimaji ya ufizi kwa sababu askari wale wanaonekana humo. Ukimwi hauambukizwi kwa kikombe, wala kwa kijiko, wala kwa kula sinia moja.

La pili, mwili haufanyi askari kwa siku moja. Tuseme ulilala na mtu jana, leo una wasiwasi, unajipima. Kipimo kitasema huna, nacho hakijui lolote juu ya jana. Inaweza kufika miezi mitatu kabla askari hawajatosha kuonekana. Kwa hiyo ukijipima mapema na kukuta huna, rudia baada ya miezi mitatu. Lakini kama jambo hilo limetokea jana au juzi, usikae kuhesabu miezi! Kuna dawa za kuzuia virusi visishike mwilini. Lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwanamke aliyebakwa, mtu aliyechomwa na sindano yenye damu, na hata mtu ambaye kondomu yake imepasuka, wote waende wakaeleze.

La tatu ni la wale ambao tayari wanameza dawa za kufubaza virusi. Ndugu, kipimo hiki si chako. Dawa zinapofanya kazi vizuri, askari wanaweza kupungua na kipimo kikasema huna virusi. Kumbe vipo, vimelala. Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na wako walioacha dawa za hospitali wakidhani wamepona. Mtu wa namna hiyo akikuta mstari mmoja kwenye kipimo atashangilia bure. Akiacha dawa, virusi vitaamka.

Namna ya kujipima

Tuseme umepewa kipimo cha ufizi. Usile, usinywe wala usitafune ubani kwa dakika 15 kabla ya kuanza. Kama umepiga mswaki, ngoja nusu saa. Kaa mahali penye mwanga mzuri, tena uwe na saa. Simu inatosha.

Pakiti ina vyumba viwili. Chumba kimoja kina kichupa chenye maji. Kingine kina kijiti chenye kitambaa bapa mwishoni. Fungua kichupa kwanza, ukisimamishe, usimwage. Maji hayo usiyanywe. Yakimwagika, kipimo kimekufa. Kisha toa kijiti bila kugusa kitambaa kwa vidole. Pangusa ufizi wa juu mara moja, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pangusa ufizi wa chini mara moja. Usipanguse ulimi wala shavu. Tumbukiza kijiti katika kichupa, kitambaa kikiwa chini. Tazama saa.

Sasa subiri dakika 20. Ukichungulia mapema, jibu si jibu. Ukilala ukakumbuka asubuhi, pia si jibu. Soma baada ya dakika 20, na kabla ya dakika 40 kupita.

Kwenye kijiti kuna dirisha dogo, na pembeni yake kuna herufi mbili, C na T. Mstari mmoja kwenye C, hapana kitu kwenye T: kipimo hakikuona askari. Mstari kwenye C na mstari kwenye T: kipimo kimeona. Hata kama mstari wa T umefifia kama wino uliokwisha, huo ni mstari. Kama kwenye C hapana kitu, kipimo ni kibovu, hata T ikisema nini. Tafuta kingine.

Kipimo cha damu kina dakika zake na alama zake. Ukipewa hicho, fuata karatasi yake. Usitumie maelezo yetu ya ufizi.

Hapa ningependa kusema neno moja juu ya kusoma. Zamani mtu asiyejua kusoma akipewa karatasi ya hospitali alimwita mtoto wa jirani amsomee. Siri yake ikawa siri ya mtoto, na siri ya mtoto ni tangazo. Wewe unayesoma gazeti hili unaweza kuisoma karatasi ile mwenyewe, polepole, kwa kidole ikibidi. Hakuna anayekukimbiza. Isome yote kabla ya kufungua pakiti. Kama kuna neno hulielewi, umwulize aliyekupa kipimo pale pale unapokipokea.

Dakika ishirini ni nyingi

Dakika 20 zinasikika kama kidogo. Mpishi wa chai hazioni. Lakini kwa watu wa Kariakoo, dakika 20 za peke yako ni mali adimu. Wengi wanaofanya kazi pale hawalali pale. Wanalala Mbagala, Manzese, Buguruni au Tandika, watu watatu au wanne chumba kimoja, na choo ni cha nyumba nzima. Ukikaa chooni dakika 20 mlango utagongwa. Ukijifungia chumbani mchana, wenzako watauliza unaumwa nini.

Basi watu hutafuta akili. Mmoja atajipima siku ya Jumapili wenzake wakiwa mpirani. Mwingine atasubiri arudi kijijini, ajipime kwa mama yake, ambako ana chumba chake. Wengine hujipima pamoja, marafiki wawili, ili mmoja amshike mwenzake mkono. Hayo ni mazuri kama wote wawili wametaka kweli. Wapo pia wanaochukua kipimo kwenye zahanati, kisha wanaomba chumba palepale, wajipime wenyewe nesi akiwa nje. Hilo nalo linaruhusiwa, wala si ushamba. Kwa maoni yangu, kwa mtu mwenye wasiwasi mkubwa, hiyo ndiyo njia bora. Mstari wa pili ukitokea, mtu wa kuongea naye yuko mlangoni.

Maana dakika ngumu si zile 20 za kusubiri. Ni ile moja inayofuata. Kwa hiyo kabla ya kufungua pakiti jiulize: jibu likiwa hivi, nitamwambia nani? Jibu likiwa vile, kesho asubuhi nitakwenda wapi? Kama huna jibu la maswali hayo mawili, kiweke kipimo, ukafikiri kwanza. Na kama umekunywa pombe, usijipime siku hiyo.

Je, kipimo husema kweli?

Mtu akitoa kipimo Kariakoo hakosekani wa kutania, "Ni kile cha mapapai?" Utani huo una historia. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini mwetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kule Uingereza, baada ya mwaka mmoja na ushei, watu walikuwa wanapewa bure vipimo vya korona vya kujipima nyumbani, vya kuingiza kijiti puani. Kariakoo hatukuwa na mambo hayo. Tulikuwa na ndoo za maji na sabuni mbele ya maduka, na nyungu, na tangawizi na malimau. Tarehe 3 Mei 2020 Rais John Magufuli alisema kwamba maabara ilipelekewa kwa siri sampuli za papai na za mbuzi, na majibu yakarudi kwamba vina korona. Wataalamu wa afya wa Umoja wa Afrika walijibu kwamba vipimo vilikuwa vizuri. Ubishi ulikuwa mkubwa, na neno la papai limebaki midomoni mwa watu hadi leo.

Lakini swali lenyewe ni swali la mtu mwenye akili. Kila kipimo kina kosa lake, na vizuri mtu alijue. Wamarekani walipokiruhusu kipimo cha ufizi kiuzwe kwa watu mwaka 2012, walikuwa wamewapa watu wa kawaida wajipime, kisha wakalinganisha na maabara. Kati ya watu 12 wenye virusi, kipimo kilimkosa mmoja. Kati ya watu 5,000 wasio na virusi, kilimsingizia mmoja.

Sasa unaona kwa nini tunasema jibu la nyumbani ni nusu ya jibu. Ukikuta mistari miwili, usiseme "nina ukimwi". Sema, "Lazima nikapimwe tena." Zahanati watatumia kipimo kingine cha damu, na wakiona kitu wataongeza kingine cha aina tofauti, mpaka wawe na hakika. Hakuna anayeanzishiwa dawa kwa sababu ya kijiti cha nyumbani peke yake. Na ukikuta mstari mmoja, lakini unajua umekuwa katika hatari, nenda nawe ukapimwe.

Mke amerudi na kipimo

Njia moja ambayo vipimo hivi vinafika kwa wanaume ni kwa mkono wa mke. Mwanamke akienda kliniki ya wajawazito hupimwa virusi, kwa sababu akiwa navyo akaanza dawa, mtoto anaweza kuzaliwa salama. Mume haonekani kliniki. Yuko Kariakoo. Basi nesi humpa mama kipimo ampelekee mumewe.

Tuseme mume amerudi kijijini kwa sikukuu. Wamekwisha kula. Mke anatoa pakiti kwenye mkoba.

"Baba watoto, nesi amenipa hiki nikuletee."

"Nini hicho?"

"Kipimo cha virusi. Unajipima mwenyewe, hakuna anayekuona."

"Kwani wewe hukupimwa huko?"

"Nimepimwa. Sina."

"Basi na mimi sina. Mambo yamekwisha. Niletee maji ya kunywa."

Ndugu msomaji, mume huyu amekosea hesabu, na wanaume wengi wanakosea kama yeye. Jibu la mke ni la mke. Watu wawili wanaweza kulala kitanda kimoja miaka mingi, mmoja ana virusi na mwenziwe hana. Hutokea. Mke akiambiwa hana, ni habari njema kwake. Mume bado hajui lolote juu ya damu yake. Na kama mume anavyo, mke mjamzito akiambukizwa sasa, hatari ya mtoto kupata virusi ni kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Lakini tazama upande wa mke pia. Ameogopa njia nzima. Pengine mume atasema, "Unanishuku? Au ni wewe umeniletea?" Wako wanawake waliopigwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Kama wewe ni mke na unajua mumeo ni mtu wa kupiga, usikichukue kipimo kwa kuona haya mbele ya nesi. Mwambie nesi kweli. Atakushauri njia nyingine, kwa mfano barua ya kumwita mume kliniki kama wanaume wengine wote wanavyoitwa.

Na kama unaona anaweza kusikia, usilianze jambo usiku amechoka, wala mbele ya mama mkwe. Unaweza kusema, "Baba watoto, mimi nimepimwa kwa ajili ya mtoto. Jibu langu hili hapa, litazame. Naomba nawe ujipime kwa ajili yake. Jibu lako utalisoma wewe mwenyewe. Ukipenda tutalisoma pamoja." Maneno hayo hayamshitaki. Mume wa leo akiambiwa ni kwa ajili ya mtoto, mara nyingi atauliza, "Kinafanyaje kazi?" Hapo umeshafika nusu ya safari.

Sasa geuza mambo. Mume ndiye ameleta pakiti kutoka mjini, anaiweka mezani, anasema, "Jipime nione, la sivyo rudi kwenu." Au tajiri wa duka anamwambia kijana wake, "Bila kujipima mbele yangu huna kazi." Au mjomba anamwamrisha binti kabla ya posa. Hao wote wamevuka mpaka. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa. Mtu haachi kulindwa na sheria hiyo kwa sababu kipimo kiko nyumbani. Kumpima mtoto au mfanyakazi wa ndani kwa hila, kwa kumwambia "fungua mdomo nione meno", ni kosa vilevile. Kipimo kiliruhusiwa ili mtu ajijue yeye. Hakikuruhusiwa ili amchungulie mwingine.

Baada ya mistari miwili

Tuseme zahanati imethibitisha. Virusi vipo. Utapelekwa kliniki ya CTC. Siku hizi hungoji mpaka uugue. Tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa, na kama yuko tayari huweza kuanza siku hiyo hiyo. Wengi humeza kidonge kimoja kwa siku. Baada ya miezi kadhaa damu hupimwa kuona virusi vimepungua kiasi gani. Vikipungua hadi vipimo havivioni tena, na mtu akiendelea na dawa bila kuruka siku, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Shirika la Afya Duniani limelisema jambo hilo waziwazi. Mtu wa namna hiyo anaoa, anazaa, anabeba magunia Kariakoo kama wenzake.

Kwa mtu wa safari kuna jambo moja la kukumbuka. Ukianza dawa Dar es Salaam kisha ukarudi shambani kwa msimu wa kilimo, usiondoke kimya. Waambie CTC unakwenda wapi na kwa muda gani. Watakupa dawa za kutosha au barua ya kuhamia kituo cha kwenu. Wengi wanaoacha dawa hawakukusudia kuacha. Walipanda basi tu, dawa zikaisha wakiwa mbali na kadi yao.

Mahali pa kupata kipimo ni hospitali, kituo cha afya au zahanati, na kwa wahudumu wa afya wa jamii. Uliza kwanza kama vipo. Sehemu kubwa ya huduma za ukimwi nchini ilikuwa inalipiwa na wafadhili, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Kama vya kujipima vimekwisha, omba upimwe na nesi kwa njia ya kawaida. Usikinunue kwa mtu anayekitembeza mkononi pamoja na miwani na chaja. Hujui kimekaa wapi, na hujui kama tarehe yake imepita. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye pakiti, isome.

Kipimo hakitaki joto la kupita nyuzi 30. Usikiweke juu ya dashibodi ya basi, wala chini ya bati, wala karibu na jiko la mkaa. Kiweke kwenye sanduku la nguo, chini kabisa. Ukimaliza kujipima, funga kila kitu katika mfuko wa nailoni, ukakitupe chooni kama ni choo cha shimo, au kwenye pipa la taka ambalo watoto hawafikii. Kama ulitumia kile cha damu, sindano yake irudishe zahanati.